Hodi kwa Mkulima wa Shampeni Hupigwa Wiki Kadhaa Mapema

"Mimi na mume wangu tunaishi Brussels, na tumepata siku nne za mapumziko katikati ya Septemba. Tunataka kwenda Champagne, mkoa wa Ufaransa unakotengenezwa shampeni, lakini hatuvutiwi na majumba makubwa ya matangazo, yaani kampuni zenye majina maarufu. Tunataka kuwaona wazalishaji wadogo wenye mashamba yao. Nimeorodhesha wanane tuwatembelee kwa siku mbili, na rafiki yangu ameniambia hakuna haja ya kuweka miadi kwa kuwa hao ni wakulima tu, unapita na kubisha. Mume wangu hanywi pombe kabisa na ndiye atakayeendesha gari, nami ninaogopa wenyeji wataona amewadharau. Tena nasikia chupa zao ni za bei nafuu kuliko zile maarufu: je, si kwamba mvinyo wao ni wa daraja la chini? Na tukishaonja, tunalazimika kununua?"

Dada msomaji, nimeyasoma maswali yako mara mbili, na naona yote yanatoka katika wasiwasi mmoja: hujui utapokewa kama nani. Katika jumba kubwa la miji ya Reims au Épernay, huko Champagne, wewe ni mteja aliyekata tiketi. Kuna kaunta, kuna mwongozaji, na ziara huendelea hata kama mwenye kampuni yuko safarini. Kwa mkulima mdogo hakuna kaunta. Ua unaoegesha gari ndio ua anaoegesha trekta lake, meza utakayoonjea mara nyingi iko katika chumba kilicho pembeni mwa sebule yake, na mtu atakayekufungulia ndiye aliyepogoa mizabibu, aliyekamua zabibu na anayeandika ankara usiku. Unakwenda nyumbani kwa mtu, na mambo mengine yote nitakayokueleza yanafuata kutoka hapo.

Tuanze na tarehe, kwa maana hapo ndipo mpango wako unapokwama. Katikati ya Septemba mara nyingi huwa ni msimu wa mavuno. Siku ya kuanza kuchuma hupangwa kila mwaka, kijiji kwa kijiji na aina kwa aina ya zabibu, na miaka ya karibuni joto limeifanya ije mapema zaidi: mwaka 2003 watu walishangaa kuchuma mwezi Agosti, lakini tangu hapo Agosti imejirudia mara kadhaa, ikiwemo 2018, 2020 na 2022. Kanuni za Champagne zinataka zabibu zichumwe kwa mkono, kwa sababu mashada yanapaswa kufika kwenye shinikizo, yaani mashine ya kukamulia, yakiwa mazima, maganda ya zabibu nyeusi yasije yakapasuka na kutia rangi katika maji ambayo yanatakiwa kuwa meupe. Kwa hiyo vijiji hujaa wachumaji kwa wiki mbili au tatu, na mkulima mwenye hekta tano huwa msimamizi wa wachumaji, fundi wa shinikizo na dereva wa trekta kwa wakati mmoja. Shinikizo la jadi hupakiwa kilo 4,000 kwa mkupuo, na katika hizo haruhusiwi kutoa zaidi ya lita 2,550, yaani lita 2,050 za mwanzo ambazo ndizo bora, na 500 za mwisho. Kazi hiyo huendelea hadi usiku, kwa sababu zabibu iliyokwisha kuchumwa haisubiri. Waliozoea Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, wakumbuke kwamba huku mavuno ni mara moja tu, na kosa la wiki hiyo mkulima atalibeba mwaka mzima.

Mimi mwenyewe, nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, niliwahi kusimama mlangoni kwa mkulima wiki ya mavuno bila kutoa taarifa. Mama mwenye nyumba alitoka mikono ikinata utamu wa zabibu, akanipa bilauri ya maji yaliyokamuliwa muda uleule, akasubiri niimalize nikiwa nimesimama, kisha akaipokea na kunitakia safari njema. Sijawahi kufukuzwa kwa adabu namna ile, na nilistahili.

Ushauri wangu, kama kazi zenu zinaruhusu, ni kuihamisha safari hadi nusu ya pili ya Oktoba. Mavuno yatakuwa yamekwisha, majani ya mizabibu yatakuwa ya manjano, na mkulima atakuwa na usingizi wa kutosha na hamu ya kusimulia mwaka ulivyokuwa. Aprili hadi Juni pia ni kipindi kizuri, isipokuwa mwezi Mei una sikukuu nyingi ambazo Wafaransa huziunganisha na wikendi wakatoweka. Agosti wengi huwa likizoni au wanajiandaa kuchuma, na wiki za kabla ya Krismasi hufunga maboksi ya wateja kutwa kucha. Kama Septemba haiwezi kubadilishwa, basi badilisha ulichokusudia kuona: tembeleeni makumbusho ya mzabibu yaliyomo katika mnara wa Verzenay, nendeni Hautvillers kwenye kanisa la abasia, yaani makao ya watawa, alikozikwa mtawa Dom Pérignon, na safari hii kubalini jumba moja kubwa la Reims lenye mashimo ya chaki yaliyochimbwa tangu enzi za Warumi. Najua umesema hayakuvutii, lakini mashimo yale hakuna mkulima mdogo atakayeweza kukuonyesha. Huko Hautvillers, mtu akikuambia kwamba mtawa yule ndiye aliyevumbua mapovu, mwachie furaha yake. Dom Pérignon alikuwa mtunza ghala wa abasia kuanzia 1668 hadi 1715, alisifika kwa kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali, na mapovu kwake yalikuwa kasoro ya kuepukwa.

Sasa kuhusu rafiki yako na ile "unapita na kubisha". Hodi ni adabu yetu, na hata huko ipo, ila hupigwa wiki tatu au nne kabla, kwa barua pepe. Maneno *sur rendez-vous* utakayoyaona kwenye vibao vya milango yana maana moja tu: kwa miadi. Yapo malango yenye kibao kinachokaribisha wapita njia, na hayo unaweza kuyajaribu, lakini usijenge safari juu yake. Jumapili wengi hufunga, na kati ya saa sita na saa nane mchana ni chakula, jambo ambalo Mfaransa wa kijijini halifanyii mzaha. Iko pia hali ambayo haina dawa. Methali yetu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wakulima wa Champagne waliosifiwa sana magazetini hawatii maji, bali hufunga mlango, kwa sababu chupa zao zote zimekwisha kugawiwa kwa waagizaji na hawana cha kumwonjesha mgeni. Ikiwa orodha yako ya wanane imetoka katika makala za kuwasifu wakulima mashuhuri, tegemea nusu yao wasijibu, na usilichukulie kuwa tusi. Jirani yao wa nyumba ya tatu, ambaye hakuna aliyemwandika, huenda akakupa saa mbili nzima.

Kuhusu ubora, hofu yako inaeleweka, lakini imegeuza mambo. Champagne ina takriban hekta 34,000 za mizabibu, na karibu asilimia 90 ya hizo ni mali ya wakulima, si ya majumba makubwa. Majumba ndiyo yanayouza zaidi ya theluthi mbili ya chupa zote. Hesabu hiyo inakuambia kwamba zabibu zilizomo katika chupa ya jina kubwa kwa sehemu kubwa zimenunuliwa kwa watu walewale unaotaka kuwatembelea. Bei ya mkulima ni ndogo kwa sababu anakuuzia mlangoni pake, bila wakala, bila tangazo la uwanja wa ndege. Hata hivyo sitaki uende ukiamini kwamba udogo ni uhakika wa ubora. Jumba kubwa huchanganya zabibu za vijiji vingi na akiba za miaka mingi, hivyo mwaka mbaya hauonekani sana. Mkulima wa kijiji kimoja hana pa kujificha. Akiwa hodari, utaonja udongo wa kijiji chake kwa namna ambayo jumba haliwezi kukupa. Akiwa mzembe, utaonja uzembe wake.

Kabla ya kumwandikia yeyote, tafuta herufi mbili ndogo sana zilizo kwenye lebo ya chupa yake, karibu na namba. RM ni mkulima anayetengeneza mvinyo mwenyewe kutokana na zabibu zake. Anaruhusiwa kununua asilimia 5 tu kutoka nje. RC ni mkulima anayepeleka zabibu kwenye ushirika, kisha akarudishiwa chupa auze kwa lebo yake. Anaweza kuwa mtu mwema na mvinyo ukawa mzuri, lakini nyumbani kwake hutakuta shinikizo wala mapipa, na kwa wewe unayetaka kuona kazi hilo ni jambo kubwa. CM ni ushirika wenyewe. NM ni mnunuzi wa zabibu, na humo yamo majumba yote makubwa, ingawa wapo pia wakulima wadogo waliochukua herufi hizo ili waweze kununua zabibu za ndugu zao. Kwa hiyo ukikutana na NM katika kijiji kidogo, usimfute kabla hujamuuliza.

Niruhusu nikueleze mvinyo huu unavyopata mapovu, kwa sababu ukilielewa hilo ndipo utakapojua cha kutazama ukishashuka ghalani. Kama uliwahi kuona mnazi mbichi umefungwa ndani ya chupa kwa kizibo kilichokazwa, unajua kitakachotokea: chachu inaendelea kula sukari, inatoa hewa, hewa inakosa pa kwenda, na kizibo kinaruka. Mtengenezaji wa shampeni hulifanya jambo hilohilo kwa makusudi na kwa kipimo. Kwanza zabibu zikishakamuliwa huchachuka na kuwa mvinyo mtulivu, mkali, usio na mapovu. Baada ya mwaka mpya mkulima huutia kwenye chupa nzito pamoja na chachu na takriban gramu 24 za sukari kwa lita, kisha hufunga. Chachu hula sukari ile, na hewa yote hubaki ndani hadi msukumo wake ndani ya chupa unapofikia takriban mara sita ya msukumo wa hewa ya kawaida, zaidi ya maradufu ya hewa iliyomo kwenye tairi la gari lenu. Chachu ikimaliza kazi hufa na kulala chini kama mashapo, na kwa miezi na miaka mashapo hayo huuachia mvinyo ladha inayokumbusha mkate uliotoka tanuri. Kanuni inataka miezi 15 tangu kufungwa chupa kabla ya kuuzwa, na miaka 3 kwa mvinyo wa zabibu za mwaka mmoja tu, mwaka unaotajwa kwenye lebo. Wakulima wazuri husubiri zaidi, na kusubiri huko ni fedha iliyolala gizani.

Hatimaye mashapo lazima yatoke. Chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogo kidogo hadi yote yatelemkie shingoni, kazi ambayo kwa mkono huchukua wiki kadhaa na kwa mashine takriban wiki moja. Shingo hugandishwa, chupa hufunguliwa, na donge la barafu lenye mashapo huruka nje kwa nguvu ya hewa yake. Nafasi iliyobaki hujazwa mvinyo wenye sukari kiasi anachotaka mtengenezaji: ukisoma *brut* jua ni chini ya gramu 12 kwa lita, *extra brut* ni hadi gramu 6, na *brut nature* haikuongezwa sukari kabisa. Kwa hiyo ukiwa ghalani muulize mambo matatu: mchanganyiko huu una mvinyo wa miaka gani, mashapo yalitolewa lini, na umetia sukari kiasi gani. Mkulima anayejibu bila kutazama karatasi utamfahamu mara moja, naye atakufahamu wewe kuwa hukuja kupiga picha tu.

Wanane kwa siku mbili hapana. Piga hesabu pamoja nami: ziara moja huwa na mivinyo mitano hivi, na mmimino wa kuonja ni kama sentilita 5, yaani sentilita 25 kwa nyumba. Nyumba nane ni lita 2 kamili, zaidi ya chupa mbili na nusu, za kinywaji chenye pombe ya asilimia 12 au karibu na hapo. Uchachu wake pia huuchosha ulimi, na kuanzia nyumba ya nne hutatofautisha chochote. Utakuwa unasifu kila kitu kwa sababu ya furaha tu. Mbili kwa siku ndicho kipimo, moja saa nne asubuhi na nyingine saa tisa alasiri, na kila moja uipe saa moja na nusu au mbili. (Unapoandika saa nne kwenye barua, kumbuka kuandika 10. Usicheke, namjua aliyesahau.) Na uteme. Najua kwetu kutema kinywaji cha mwenyeji mbele yake ni kumvunjia heshima, na kwa miezi mingi mimi nilimeza kwa haya. Huko maana yake ni kinyume: anayetema anaonekana anafanya kazi ya kuonja kwa makini. Omba *crachoir*, ambacho ni chombo cha kutemea, nacho kitaletwa bila mtu kuinua nyusi. Jambo dogo lakini la maana: siku hiyo udi na marashi viache hotelini, kwani harufu yake hufunika yote yaliyomo kwenye bilauri, yako na ya wenzako.

Kuhusu njia ya safari, mkae Épernay. Siku moja mwende kusini kwenye Côte des Blancs, ambako Cramant, Avize, Oger na Le Mesnil-sur-Oger vimefuatana kwenye mteremko mmoja wa chaki, na zabibu ni chardonnay karibu tupu, aina nyeupe. Siku ya pili mpande Montagne de Reims, kwenye Bouzy, Ambonnay na Verzenay, mkaonje pinot noir, aina nyeusi. Hapo ulimi wako utajifunza zaidi kuliko kwa maelezo yoyote yangu. Siku ya tatu mfuate bonde la mto Marne kuelekea magharibi, nchi ya zabibu ya meunier, na siku ya nne mrudi Brussels. Mtu akikushauri kuongeza Côte des Bar katika wilaya ya Aube, mwambie ni safari nyingine: iko zaidi ya kilomita 100 kusini, udongo wake unafanana na ule wa Chablis, eneo jingine la mvinyo la Ufaransa, na watu wake wana historia yao, kwa kuwa ghasia za wakulima za 1911 zilihusu pia swali la kama wao ni Champagne au si Champagne, hadi sheria ya 1927 ilipowakubali. Ningeipenda safari hiyo kuliko hii, lakini si kwa siku nne.

Kununua si lazima kisheria, ila mtu amekupa saa mbili za siku yake ya kazi. Baadhi hutoza ada ndogo ya kuonja na kuifuta ukinunua, ulizia mapema. Ambaye hatozi ada, mnunulie chupa mbili au tatu ulizozipenda kweli, ambazo mara nyingi kila moja itakuwa kati ya euro 20 na 40. Kama hukupenda hata moja, lipa heshima kwa maneno, nunua moja, uondoke. Kuzipeleka Ubelgiji kwa matumizi yenu hakuna ushuru wa ziada. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya unahesabu hadi lita 60 za mvinyo wenye mapovu kuwa za matumizi binafsi, yaani chupa 80, na natumaini hamtafika huko. Msiziache kwenye buti la gari juani. Ghala zilikotoka lina nyuzi 10 hadi 12 mwaka mzima, na kwa sababu hiyo wewe pia uchukue sweta.

Nakuja kwa mume wako, ambaye nadhani ndiye atakayefaidi zaidi. Kuonja ni sehemu moja tu ya ziara. Shinikizo, chaki, chupa zilizoinamishwa gizani, hesabu za mavuno, vyote hivyo havihitaji kinywaji. Anaweza kunusa bilauri kama hilo halimkwazi, au asiiguse kabisa, na wapo wakulima wenye maji ya zabibu yasiyochachuka. Mtaje hali yake katika barua ya miadi ili mwenyeji asishtuke. Sheria ya Ufaransa inamruhusu dereva nusu gramu ya pombe kwa lita moja ya damu, na dereva mpya gramu 0.2, na askari husimama kwenye barabara hizo wakijua watu wametoka wapi. Dereva asiyekunywa ni hazina.

Mambo mawili hayafai kuamuliwa kwa jibu la kuandikwa kama hili. Kama una mimba, pumu, kisukari, au unatumia dawa za kila siku, zungumza na daktari wako kabla ya safari, na usihesabu kutema kuwa kinga, maana kiasi fulani humezwa. La pili, miezi ya Septemba na Oktoba mapipa huwa bado yanachachuka na kutoa hewa ya ukaa, ambayo hukusanyika chini kwenye vyumba visivyopitisha hewa na inaweza kuua. Usishuke popote bila mwenyeji kutangulia. Na kama baada ya wiki mbili hamjapata majibu ya kutosha, au Kifaransa kinawakwamisha kwenye simu, nendeni wenyewe ofisi ya utalii ya Épernay siku mnayofika, kwa sababu wao wanajua ni nani yuko nyumbani wiki hiyo.

Barua yenyewe iwe ya sentensi tano, kwa Kifaransa hata kama ni cha kutafsiriwa: anza na *Bonjour*, taja mko wangapi na mnatoka wapi, toa tarehe mbili na saa, sema mmoja wenu haonji, na eleza kwa nini umemchagua yeye, ukitaja chupa yake uliyowahi kuinywa ikiwa ipo. Akijibu, mthibitishie siku mbili kabla, na mkichelewa dakika kumi mpigieni simu. Na akiwa mezani akamsukumia mume wako bilauri kwa ukarimu, ajibu *je conduis*, yaani ninaendesha gari; kila Mfaransa anaielewa, na hakuna atakayemuuliza zaidi.